Matonge Kumi na Mawili

Kwa miaka mitatu nilimpikia baba mkwe wangu asubuhi, mchana na jioni, na sikuwahi hata siku moja kumwona akitia chakula mdomoni. Si kwamba alikuwa na siri. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ya Mzee Edmund pale Matogoro: mke wa mtoto wa kiume hamtazami baba mkwe wake akila. Unapika, unapakua, unafunika, kisha mama mkwe anabeba sahani kwenda barazani, na wewe unabaki jikoni na macho yako. Kwetu Madaba mambo haya yamelegea kidogo, lakini mimi nilikuwa nimeolewa huku, na aliyenioa, Saimon, alikuwa mwalimu kule Lusewa, anakuja Jumapili moja moja. Sikuwa na wa kunitetea kama ningevunja mwiko wa watu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mdadisi. Mama yangu mzazi alikuwa akisimulia kwa wageni jinsi nilivyompasua kuku aliyekwisha kuchinjwa, nikiwa na miaka sita, ili nione yai linakaa wapi kabla halijapata ganda. Kwa hiyo usidhani miaka ile mitatu ilikuwa rahisi. Nilikwisha kujua baba mkwe anatembeaje, anakohoaje, na kamba za viatu anazifunga kwa fundo gani. Anavyokula nilikuwa sijui, na hilo lilinikera.

Kisha mwaka wa tisini na nne ugonjwa wa sukari ukaingia nyumbani.

Baba alikuwa mpima mizani kwenye ghala la chama cha ushirika kwa miaka ishirini na miwili. Wafanyabiashara binafsi walipokwisha kuruhusiwa kununua mahindi, wakawa wanaleta malori hadi mlangoni kwa mkulima. Ghala likabaki na popo, na Baba akarudi nyumbani na mkebe wa mawe ya mizani aliyoyanunua mwenyewe siku za ujana wake, ya kuhakikishia kila asubuhi kwamba mizani ya ghala haijalegea. Akawa anakaa barazani. Akaanza kukonda, akawa anakunywa maji jagi zima kwa pumzi mbili, anaamka mara nne usiku kwenda uani. Majirani wakaja na orodha zao. Mmoja akasema aache ugali. Mwingine akasema aache maharage na kila kilicholimwa chini ya ardhi. Wa tatu akasema ale mboga za majani tu, na Baba akamuuliza kwa upole kama yeye anafanana na mbuzi.

Aliyetuokoa ni Sista Lidwina, muuguzi wa hospitali ya misheni, mtawa mwembamba aliyekuwa ametoka kozi ya chakula cha wagonjwa. Nilimpeleka Baba mimi na Mama Walburga, mama mkwe wangu, huku binti yangu Oliva, mwaka mmoja na kidogo, akiwa mgongoni. Baba alikaa kwenye benchi akiwa amekwisha kata tamaa, anasubiri kunyang'anywa ugali rasmi.

"Hapa hakuna chakula cha haramu," Sista akamwambia. "Kuna kipimo."

Akatufafanulia. Kila unachokula, alisema, ukikifungua ndani utakuta mambo matatu: wanga, protini na mafuta. Baba, kwa umri wake na kazi yake ya jembe, alipewa kwa siku gramu mia mbili za wanga, sabini za protini, hamsini za mafuta. Ndani ya hesabu hiyo ale anachotaka. Akitamani viazi vitamu, ale, ila ugali upungue kwa kiasi kile kile cha wanga. Akitaka karanga, mafuta ya kuungia yapungue. Kitu kimoja tu alikikazia, akarudia mara mbili: vidonge anavyomeza asubuhi vinashusha sukari uwe umekula au hujala. Kipimo ni cha kutozidi, na pia ni cha kutopunguza. Akatupa karatasi iliyochapwa kwa taipu yenye majina ya vyakula na gramu zake. Mama Walburga hasomi. Karatasi ikaishia mikononi mwangu.

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kuchungulia ndani ya chakula chote cha Songea.

Mizani ya jikoni niliipata mjini dukani kwa Daimu, ambako siku hizo ulikuwa hukosi kitu, kuanzia redio za Kichina hadi mafuta ya nywele yenye picha ya mzungu. Ilikuwa ya plastiki, na bakuli juu. Baba alipoisikia ikitajwa, akaagiza aletewe barazani. Akafungua mkebe, akaweka jiwe la nusu kilo. Mshale ukaonyesha mia tano na kumi. Nilimsikia akicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi wa zamani anayemfahamu. Akaichokonoa kwa bisibisi mpaka ikasema kweli, kisha akamtuma Mama aniletee mizani pamoja na jiwe lile, na maagizo kwamba kila asubuhi kabla sijapima kitu niweke jiwe kwanza.

Baada ya hapo yakaanza maongezi ya ajabu. Mimi na Baba tulikuwa hatuzungumzi ana kwa ana zaidi ya shikamoo na marahaba, nayo naitoa nikiwa nimepiga magoti, macho chini. Sasa ikawa hivi: Baba barazani, mimi jikoni, Mama Walburga katikati kwenye mkeka anachambua maharage.

"Mama Saimon, hebu muulize huyo mtoto, hivi ulanzi nao una wanga?" Baba anasema kwa sauti ya kufika jikoni.

Nami namjibu Mama, kwa sauti ya kufika barazani, kwamba ulanzi mtamu, pombe ile ya mianzi, una sukari nyingi, na ule mkali una mambo mengine ambayo Sista hakuyaandika. Mama hakurudia neno hata moja. Alikuwa anaendelea na maharage yake, maana sote tulikuwa tumesikiana.

Tuligundua mengi. Tuligundua kwamba maharage, ambayo maisha yetu yote tuliyaita mboga, yamejaa wanga karibu sawa na ugali. Baba hakulala vizuri siku hiyo. Tuligundua kwamba dagaa kidogo wakavu wa Nyasa wana protini ya kushinda bakuli zima la kunde. Tuligundua kwamba karanga zilizosagwa, ambazo Mama huzimwaga kwenye mlenda bila huruma, ni mafuta karibu nusu. Nilipima mpaka tonge. Nilifinyanga tonge la mtu mzima, nikaliweka juu ya mizani: gramu ishirini na tano. Ugali wa mchana wa Baba ulikuwa gramu mia tatu, yaani matonge kumi na mawili. Kila siku niliyaandika yote kwenye daftari: wanga, protini, mafuta, safu tatu, na jumla chini.

Mwezi wa kumi na moja Sista alipima sukari, akatabasamu. Mwezi wa kumi na mbili akatabasamu tena. Baba akarudi kwenye shamba lake la maharage chini ya mlima, akanenepa kidogo mashavuni.

Januari akaanguka.

Mara ya kwanza ilikuwa saa tisa alasiri, njiani kutoka shambani. Alikuja anayumba, jasho linamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji, akamwita Mama Walburga kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Mama akampa chai yenye sukari nyingi, akazinduka. Wiki iliyofuata ikatokea tena, saa ile ile. Mara ya tatu tulimkuta amelala katikati ya matuta ya maharage, mvua inamnyeshea, na ilichukua vikombe viwili vya chai ya kumtilia kwa kijiko mpaka atujue.

Nikaenda hospitali na daftari langu. Sista Lidwina alilipitia ukurasa kwa ukurasa kwa kalamu, akajumlisha upya. Hesabu zilikuwa sahihi. Akakuna kichwa juu ya kitambaa chake.

"Mtu anayekula hivi haanguki," akasema. "Kuna kitu hakimo humu. Kitafute upesi, maana siku akianguka na hakuna mtu karibu, hataamka."

Hofu iliyonishika siku hiyo sijawahi kuisahau. Nilikuwa nampenda yule mzee. Nilimpenda kwa sauti yake tu na kwa kamba zake za viatu, lakini nilimpenda.

Mama Walburga naye alikuwa na maelezo yake, na hakuyaficha. Aliona kwamba tangu zamani mumewe alikuwa anakula mlima wa ugali, haanguki. Tangu ije mizani, anakula kijilima, anaanguka. Kwake hesabu ilikuwa fupi hivyo. Jioni ile aliichukua mizani kutoka kwenye rafu ya jikoni, akaitia kwenye mfuko wa salfeti, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba.

"Itumie mpaka Jumamosi," akaniambia, kwa kuwa ndani yake alimwogopa Sista. "Jumapili Saimon akija, anaondoka nayo. Na wewe, Mama Oliva, utakwenda kupumzika kwenu Madaba kidogo."

Kupumzika. Nilijua mapumziko ya namna hiyo huwa ni ya muda gani. Ilikuwa Jumatano.

Kila asubuhi nikawa naifungua mizani kwenye mfuko wake na kuirudisha, kama mtu anayevaa nguo ya kuazima. Nilitafuta. Niliweka jiwe: nusu kilo kamili. Nilifikiri labda unga wa Januari umekwisha nguvu, nikapika ugali wa kipimo cha Baba nikaula wote mwenyewe, nikaenda kulima nione kama nitaanguka. Sikuanguka, nilishiba mpaka jioni. Nilifikiri labda anabakiza, lakini sahani ilikuwa inarudi safi, hata mchuzi umefutwa.

Alhamisi mchana mboga ilikuwa samaki, mbasa mkavu. Mama alirudisha sahani, nikaichukua niende kuiosha, na ndipo nikaiona miiba. Ilikuwa imewekwa mafungu mawili. Fungu moja upande huu wa sahani, fungu jingine upande wa pili, yametazamana.

Nikasimama na ile sahani mkononi kwa muda mrefu. Mtu mmoja, mkono mmoja wa kulia, kwa nini apange miiba pande mbili? Na hapo hapo nikakumbuka sauti. Kila mchana, muda mfupi baada ya Mama kupeleka chakula, nilikuwa nasikia neno moja kutoka barazani: "Bismillahi." Nilikuwa nalisikia kama ninavyosikia jogoo wa jirani, yaani silisikii kabisa. Baba mkwe wangu ni Mkatoliki wa kubatizwa siku ya pili baada ya kuzaliwa. Hasemi Bismillahi.

Ijumaa mchana nilivunja mwiko.

Nilichukua beseni la maji machafu kama ninakwenda kumwaga, nikajibanza kwenye migomba iliyo kati ya jiko na baraza. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikaogopa utamwamsha Oliva mgongoni. Nikatazama.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mbele yake, ng'ambo ya sahani, alikaa Mzee Hassani. Huyu nilikuwa namfahamu: Myao wa Tunduru, mchukuzi wa magunia ghalani wakati Baba akiwa mpimaji. Ghala lilipofungwa hakurudi kwao, alibaki na kijishamba cha mhogo karibu na mto. Miezi ya mwisho wa mwaka alikuwa amekwenda Tunduru kuvuna korosho za ndugu zake, akarudi Krismasi ilipopita. Mwezi wa kumi na moja hayupo, Baba mzima. Januari yupo, Baba anaanguka. Nilikuwa nimesikia sauti yake barazani kila siku, na sikuwahi kujiuliza mdomo wake unafanya nini.

Nikahesabu. Ndiyo kazi yangu. Mzee Hassani alikuwa anakula kama mtu ambaye hicho ndicho chakula chake cha siku, na nadhani ndicho kilikuwa. Matonge tisa, makubwa. Baba alikuwa anamega kipande kidogo kama punje ya harage, anakifinyanga polepole, anakichovya, anakitafuna muda wote ambao mwenzake anameza matonge mawili. Nilielewa mara moja. Mwenyeji haachi kula kabla ya mgeni, la sivyo mgeni naye atanawa kabla hajashiba. Kwa hiyo Baba alikuwa anakula kwa mikono tu, tumboni hakiingii kitu. Ugali ulipokaribia kwisha akasukuma kilichobaki upande wa Hassani, akasema yeye ameshiba, uzee huu tumbo limekuwa dogo.

Vidonge alikuwa amemeza vyote asubuhi.

Nilirudi jikoni na beseni langu limejaa vile vile. Mama Walburga alikuwa ameketi anakula. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, kama Mzee Hassani huwa anakula hapa mchana.

"Hassani?" akasema. "Mwaka wa kumi na tisa huu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini hakuniambia kwamba mvua inalowesha. "Kuna mwanamume anayekula barazani peke yake? Ungekuwa unapika kama watu wengine, ugali ungemtosha naye."

Na hapo ndipo nilipojikamata mwenyewe. Kwa miaka miwili na nusu kabla ya mizani, nilikuwa napika ugali wa Baba mkubwa kuliko Baba, kama nilivyofundishwa, kama kila mwanamke wa pande hizi anavyopika, kwa sababu daima kuna atakayepita. Siku ilipokuja mizani niliukata ule mlima hadi ukamwenea mtu mmoja, gramu kwa gramu, nikaona nimekuwa msomi. Sista alikuwa amenipa kipimo cha mtu. Mimi nikadhani ni kipimo cha sahani.

Na Baba alinyamaza kwa nini? Hilo pia nililijua, maana nilikuwa nimemsoma miaka mitatu. Miaka ishirini na miwili wakulima walimwomba aongeze kilo moja, mbili, akakataa. Mzigo uliokwisha pimwa kwake haurudi juu ya mizani. Asingeweza kuanza kuniomba niongeze. Na kumwambia Hassani kwamba chakula hiki ni dawa, asingeweza vile vile. Aliona heri aanguke.

Sikuwa na njia ya kusema bila kukiri kwamba nilichungulia. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho yake, na Jumapili Madaba. Unga nao ulikuwa umebaki kidogo, maana mwezi wa nane Mama alikuwa amewauzia watu wa malori magunia mengi kupita kiasi, na mahindi mapya yalikuwa bado hayajatoa hata mbelewele. Kikombe cha unga cha nyumba kilikuwa ni kile kile kila siku.

Jumamosi mchana nilisonga ugali kama kawaida. Nikapima gramu mia tatu, nikaziweka upande mmoja wa sahani. Nikapima nyingine karibu sawa, nikaziweka upande wa pili. Katikati nikaweka jiwe la nusu kilo la Baba, nikiwa nimeliosha vizuri, ili ajue kwamba vyote viwili vimepitia mizani. Nikafunika. Mama akabeba bila kujua. Kisha nikapiga magoti nyuma ya ukuta wa jikoni na kusubiri.

Nilisikia kifuniko kikitolewa. Nilimsikia Hassani akiuliza jiwe hili la nini, au siku hizi tunakula na mawe. Baba hakucheka. Akaanza kumweleza mwenzake, taratibu, habari ya vidonge na wanga na kuanguka kwenye matuta. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwambia.

"Edmund," alisema Hassani, "basi mimi nimekuwa nakula dawa yako." Kisha nikasikia kitu kizito kikivutwa sakafuni. Siku ile, kumbe, alikuwa amekuja na kikapu cha mhogo wa kuchemsha, kama alivyozoea kuleta kidogo Jumamosi, na Mama huwa anautia kwenye chakula cha jioni. Sasa alikuwa anakisogeza karibu na sahani.

"Mama Oliva."

Nilishtuka. Miaka mitatu, Baba hakuwahi kuniita moja kwa moja.

"Abee, baba."

"Jana ulikuwa kwenye migomba."

Mama Walburga aliacha kijiko hewani. Nikasema ndiyo, baba, nilikuwa.

"Uliona nini?"

"Niliona baba anakula matonge madogo."

Nilikuwa nasubiri hasira, nikawa tayari nafunga mizigo kichwani. Lakini aliposema tena sauti yake ilikuwa ile ya ghalani, ile ambayo watu husimulia, ya mtu anayesoma mshale.

"Basi mimi nitahesabu, wewe andika. La kwanza. Andika."

Nikachukua kalamu. Akahesabu kila tonge kwa sauti, na nililiandika kila moja kwa mstari mdogo. La pili. La tatu. La nne. La tano. La sita. Hapo akaacha kuhesabu. Nikamwambia kupitia ukuta kwamba bado sita.

"Najua," akasema. "Nina swali la mzigo. Kila siku nasikia ukichota unga kwenye debe, kikombe ni kile kile na mara ni zile zile. Leo nimesikia mara zile zile, na ugali umekuja vilima viwili. Wa pili umetoka wapi?"

Nilitazama sahani yangu kando ya jiko.

"Wewe umebakiwa na matonge mangapi?"

Ningeweza kusema uongo, lakini si kwa mpima mizani. "Matano, baba."

Mama Walburga akageuka, akaitazama sahani yangu kwa mara ya kwanza, kisha akamtazama Oliva aliyekuwa ameshika ziwa langu. Baba akamwita, naye akanyanyuka, akaenda barazani. Aliporudi alikuwa na sahani ndogo, juu yake nusu ya kilima cha Baba, imekatwa sawa kwa mwiko.

"Amesema hii ni yako," akaniambia. "Yeye atakula mhogo wa Hassani mahali pake. Uangalie kwenye karatasi matonge sita ni mhogo kiasi gani."

Nikaifungua karatasi ya Sista. Matonge sita, wanga gramu thelathini na sita. Mhogo wa kuchemsha, gramu mia moja, wanga thelathini na sita. Hakukuwa na tofauti ya hata gramu moja. Mama akaufungua mfuko wa salfeti, akaitoa mizani, akapima vipande viwili vya mhogo yeye mwenyewe, akiulizia mshale umefika kwenye namba gani. Alipovipeleka barazani, mizani hakuirudisha mfukoni. Aliirudisha kwenye rafu, na ile kamba akaitumia kufungia kuni.

Nikala. Nililia kidogo pia, na chumvi ya machozi Sista hakuiwekea safu. Halafu nikafungua ukurasa mpya wa daftari, nikaandika juu yake jina langu, ambalo halikuwahi kuwamo humo: Hilda. Chini yake nikaandika: mchana, matonge kumi na moja.

"Umeshaandika?" Baba akauliza kutoka barazani.

"Nimeandika, baba."

"Na matonge yako?"

"Na yangu."

"Haya," akasema, na nikamsikia akianza kutafuna mhogo.